Waliochorwa Hawaingii

Patrão Nélio, yaani bosi wetu, hakuja Palma na roho mbaya. Alikuja na akili ya Maputo, na hiyo ilitosha. Alinunua barraca, baa ndogo ya marehemu mzee Venâncio, ile iliyobaki kuta tupu baada ya vita kuingia mjini, akaitia vigae na vioo na mashine ya kupoza hewa, kisha akaiandika mlangoni jina la Kireno lenye maana ya ghuba ya buluu, kana kwamba sisi tuliozaliwa hapahapa Tungue tulikuwa hatujui rangi ya maji yetu. Mimi alinikuta nakaanga samaki kando ya barabara. Akaniambia nihamie jikoni kwake, nikahamia. Najua wanayosema majirani, kwamba Zubeida anawakaangia walevi. Samaki wangu hawalewi, na hao majirani hawajawahi kuniletea hata kibaba cha mchele.

Wateja wake walikuwa watu wa mradi wa gesi, mafundi na madereva, na wakubwa wa ofisini walioletwa kutoka kusini. Na alikuwepo mteja mmoja ambaye Nélio alimkuta hapohapo, kama mtu anavyonunua nyumba akakuta na kisima uani. Huyo ni Bibi Benilde.

Bibi Benilde ni Mmakonde wa juu, wa upande wa Mueda. Alishuka pwani zamani na mumewe, wakalima mihogo nje ya mji. Uso wake una nembo. Alichanjwa akiwa msichana, kwa kisu kidogo, vidonda vikapakwa masizi: mistari iliyokunjwa mashavuni kama miiba ya samaki, mingine kwenye paji la uso, na mmoja unaoshuka hadi puani. Mimi nimekua nikiuona uso huo na sikuwahi kuuona wa ajabu. Ajabu ingekuwa Bibi Benilde asiye na nembo.

Kila Jumamosi, tangu enzi za mzee Venâncio, akishauza mihogo yake sokoni alikuja kunywa bia moja, na jioni mjukuu wake Tomás alimfuata warudi wote nyumbani. Tomás ndiye pekee aliyembakia. Mama yake alifariki akimzaa. Vita vilipoingia tulikimbilia ufukweni, kila mtu na roho yake mkononi. Boti iliyopatikana ilichukua wazee na wanawake tu. Tomás alimnyanyua bibi yake akamtia ndani, maji yakimfika kifuani, akamwambia, "Bibi, ukirudi unisubiri palepale barraca, Jumamosi. Pale kila mtu anakujua." Nilikuwamo kwenye boti hiyo na maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu. Baada ya hapo Tomás hakuonekana tena.

Miaka ikapita. Wapo waliorudi wenyewe, na wapo ambao zilirudi habari zao tu. Bibi Benilde alirudi, akalima tena, na Jumamosi ilipofika akaenda kukaa mahali pake karibu na mlango, bia mbele yake, macho barabarani. Simu hana, kusoma hajui, na nyumba yao iliungua pamoja na kila picha iliyokuwamo. Alichobaki nacho ni ahadi ile na uso wake. Kila aliyetoka Mueda, Nangade au Mocímboa alimwuliza habari za Tomás, na kila mmoja alimwambia asubiri, maana hakuna aliyekuwa na neno lingine la kumpa.

Mlangoni Nélio alimweka Atumane, Mmakua mmoja mwenye tumbo na maneno mengi. Mmakua na Mmakonde ni watani, hilo hata mtoto wa chuoni anajua. Atumane na Bibi Benilde hawakusalimiana hata siku moja bila kutukanana kwanza. Bibi alimwita mwizi wa kuku. Atumane alimwuliza fundi gani alimchonga akasahau kumpiga msasa. Na siku Atumane alipofiwa na mama yake, ni Bibi Benilde aliyekwenda kukaa msibani, akajilaza juu ya jeneza na kukataa kunyanyuka mpaka apewe kuku, hadi wafiwa wakacheka na machozi yao. Matusi ya wawili hao yalikuwa na mapenzi kuliko salamu za watu wengi ninaowajua.

Sasa sikia jinsi jambo lilivyoanza. Jumamosi moja Nélio alikuwa amesimama mlangoni na wageni wake wawili kutoka Maputo, watu wa viatu vya kung'aa. Bibi Benilde akaja na kikapu chake kitupu. Atumane alipomwona akapanua mikono akaziba mlango mzima.

"Simama hapohapo! Hapa waliochorwa uso hawaingii. Kafute kwanza ndo uje!"

"Nifute na nini, na kanzu ya baba'ako? Nipishe, we Mmakua, unanuka panya wa kuchoma!"

Tulicheka wote, hata mimi dirishani na mwiko wangu mkononi. Bibi akapita chini ya mkono wa Atumane, akaenda kukaa. Nélio, ambaye Kiswahili hajui, akauliza kumesemwa nini. Na Atumane, kwa fahari ya mtu ambaye mzaha wake umekubali, akamtafsiria kwa Kireno neno kwa neno: amemwambia yule bibi kwamba watu wenye michoro usoni hawaingii hapa. Akasubiri bosi naye acheke. Utani hakumweleza. Angeelezaje? Nani duniani anaeleza utani? Mtu ama anao ama hana.

Nélio hakucheka. Aliwatazama wageni wake, akautazama mgongo wa Bibi Benilde, akasema taratibu, "Sabe, não é má ideia." Yaani, si wazo baya.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Wa kwetu ulitumbuka wiki iliyofuata, ukiwa umechapwa kwa herufi kubwa na kubandikwa kwenye kioo, Kireno juu na Kiswahili kibovu chini: watu wenye michoro ya mwili inayoonekana hawaruhusiwi kuingia. Atumane alipousoma alisimama kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaenda ofisini.

"Patrão, ulikuwa mchezo tu. Yule ni mtani wangu. Sisi Wamakua na Wamakonde tuna ruhusa ya kutukanana."

"Hata kwenye mchezo kuna ukweli," Nélio akamjibu. "Wewe mwenyewe ndiye uliyenifumbua macho."

Nami nikaingia, na harufu yangu ya mafuta, kwa sababu mimi nikikasirika siwezi kukaa jikoni. Nélio alinieleza kwa upole, kama daktari anavyomweleza mgonjwa mjinga. Klabu nzuri zote zina kanuni zao. Wateja wake ni watu waliokuja kazini mahali pa hatari, wakimwona mtu aliyechorwa wanaingiwa na wasiwasi, wanadhani jambazi. Vijana wa siku hizi wanachora mafuvu na visu shingoni, wanalewa, wanapigana. Akiwazuia hao na kumwacha bibi, watasema anapendelea. Kanuni ni moja kwa wote. Na hii ni nyumba yake.

"Nyumba ni yako, patrão," nikamwambia, "ila mlango umeutoboa kwenye barabara yetu. Tena wale waliotuchomea mji, nyuso zao zilikuwa safi kabisa. Hawakuwa na doa."

Akaniambia samaki wanaungua. Na kweli walikuwa wanaungua.

Jumamosi Atumane alitakiwa amzuie Bibi Benilde mlangoni, akakataa. Alimwambia Nélio amfukuze kazi, lakini hawezi kulisema neno lile kwa uso mkavu. Nélio si mtu wa kelele. Alimpeleka nyuma akaoshe chupa na kubeba kreti, na mlangoni akamleta Henrique, kijana wa Inhambane, kule kusini, mrefu, mwenye sare iliyopigwa pasi, asiyemjua mtu yeyote Palma. Henrique hakuwa na mtani hapa wala hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa na kanuni tu. Alimwambia Bibi Benilde, "Vovó," yaani bibi, "leo haiwezekani," akamwonyesha karatasi kwenye kioo.

Bibi Benilde alicheka. Alidhani ni utani. Akamtukana vizuri kabisa tusi la Kimakonde, akamsubiri ajibu, na Henrique akarudia, "Vovó, haiwezekani." Nilimwona Bibi akimtazama kijana yule usoni akitafuta pale kicheko kinapojificha. Alipokikosa ndipo alipoelewa. Sijawahi kumwona mtu akizeeka mlangoni namna ile.

Siku hiyohiyo fundi mmoja wa mabomba, mzungu, alikuja na joka zima limechorwa likajikunja mkononi, kichwa chake kwenye kifundo. Henrique akamwomba ateremshe mkono wa shati. Akateremsha, akaingia, akakaa, akaupandisha tena kwa sababu ya joto. Hakuna aliyemgusa. Nilimpelekea samaki mwenyewe, na lau si kumwogopa Mungu ningemmwagia pilipili machoni.

Nilimwambia Bibi Benilde nitamwazima nikabu yangu. Ajifunike, aingie, akae mahali pake. Nilijua ni wazo baya hata nikiwa nalisema. Tangu vita, mwanamke aliyefunika uso anasimamishwa na askari kila kona. Lakini yeye hakuwaza askari.

"Mwanangu Zubeida," akasema, "nikiuficha uso, Tomás atanijuaje?"

Basi akawa anasimama ng'ambo ya barabara, chini ya jua, Jumamosi mbili tatu hivi. Kisha wateja wakalalamika kwamba kuna kizee kinawatazama kupitia kioo wakila, na Henrique akatumwa avuke akamwondoe. Alimwondoa kwa adabu, akambebea na kikapu. Hapo ndipo nilipomchukua mimi. Uani kwa jikoni kuna ukuta, kuna kuni na mapipa ya maji, na Nélio hafiki huko kwa sababu ya moshi. Nikamwekea kigoda. Atumane alimpenyezea bia yake kwenye kikombe cha plastiki, na kila mara alitoka na kreti kupitia ubavuni akachungulia barabarani kwa niaba yake. Henrique hatukumwambia kitu. Kila alichokijua yeye jioni kilifika ofisini, si kwa ubaya, bali ndivyo alivyoambiwa kazi ilivyo.

Jumamosi ile ilikuwa ya wateja wengi. Magari ya mizigo yalikuwa yameingia kutoka kusini na msafara wa askari, na kama kawaida yaliruhusiwa kupumzika kidogo tu kabla ya kuendelea Nangade. Madereva walikuwa na njaa. Mimi nilikuwa na makarai mawili motoni. Uani Bibi Benilde alikuwa ananimenyea vitunguu saumu, kwa sababu kukaa bure hawezi, na Atumane alikuwa ameketi juu ya kreti akimwambia kwamba Wamakonde walijichora nyuso ili samaki wawadhanie ndugu zao. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Ana kicheko kikubwa, kinapanda kama jogoo. Nikatoa kichwa nikawanyamazisha. "Bosi atasikia!" Wakanyamaza.

Alasiri magari yalikuwa yameondoka, na Henrique akaja dirishani kuchukua sahani yake. Alikuwa mchovu na mwenye furaha kidogo, kama mtu aliyeifanya kazi yake.

"Leo nimerudisha mwingine, Dona Zubeida," akasema. "Huyu alichorwa shingoni. Michoro kama ya yule vovó wenu, ileile, ile ya miiba. Hapa na hapa, na mmoja unashuka katikati."

Nikamwuliza ni mtu gani.

"Kijana tu. Utingo wa gari la mizigo. Alisema anamtafuta bibi yake, anakunywa hapa Jumamosi. Nikamwambia watu kama hao hapa hatuna. Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma, akasimama pale muda, halafu wenzake wakampigia honi."

Nembo ya Bibi Benilde, ule mpangilio wake wa mashavu na paji la uso, hana mtu mwingine. Aliyemchanja alifariki kabla mimi sijazaliwa. Na kijana yule alipopotea shingo yake ilikuwa safi, haina hata kovu. Huko alikokuwa, bila picha, bila simu, alikuwa ameukumbuka uso wa bibi yake mstari kwa mstari, akamtafuta mtu mwenye sindano, akauandika mahali ambapo hautaungua. Na alipouleta mlangoni, mlango ukamkataa kwa sababu hiyohiyo.

Atumane alisikia yote akiwa uani. Alikimbia. Sikujua kwamba mtu mwenye tumbo lile anaweza kukimbia hivyo. Alifika pale magari yanapoegeshwa akakuta mafuta chini na maganda ya machungwa. Askari wa kizuizini wakamwambia msafara umepita, hakuna kuufuata, hakuna kuusimamisha. Magari yalikuwa ya nani? Ya watu wengi. Utingo anaitwa nani? Utingo haandikwi. Alirudi akakaa chini kwenye vigae vya mbele, mahali ambapo wafanyakazi hawaruhusiwi kukaa, akawa anajipiga kichwani na kusema, "Mdomo wangu, mdomo wangu." Nélio akatoka ofisini, akaelezwa. Alishika kiuno, akasema Mungu wangu, kweli alisema, na macho yake yalikuwa na maji. Halafu akawatazama wateja, akatuomba tafadhali tukalilie nyuma.

Nilimshika Henrique kwenye ukosi wa sare yake iliyopigwa pasi. Nilikuwa na maneno, wallahi nilikuwa nayo, ya kumchuna mtu ngozi. Nilitaka mtu wa kumlaumu aliye karibu na mkono wangu. Lakini Bibi Benilde alikuwa ametokea kutoka uani, mikono yake inanuka vitunguu, na nikajua kwamba amesikia. Henrique alishtuka kumwona pale. Akaanza kuomba radhi kwa Kireno, kwa Kiswahili, kwa lugha ya kwao.

"Mwache, Zubeida," Bibi akasema. "Usimvuruge. Atasahau."

Alimshika Henrique mkono, akampeleka uani kwenye kigoda changu, akamkalisha yeye, na mwenyewe akakaa chini mbele yake kama mtu anayesubiri kusomewa barua. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ndilo lililoniuma zaidi, kwamba hakukuwa na hasira hata kidogo. Katika mji mzima, katika miaka yote hiyo, huyu kijana wa Inhambane ndiye mtu pekee aliyemwona Tomás akiwa hai.

"Mwanangu, umemwona," akasema. "Hebu niambie. Amekonda?"

Henrique akajibu, "Sijui, vovó."

"Ana ndevu sasa? Meno yake ya mbele yapo? Alipokuwa anasema habari zangu alikuwa na uso gani? Alikuwa amekasirika, au alikuwa na huzuni?"

Henrique alinitazama mimi, akamtazama Atumane aliyesimama mlangoni. Kijana wa watu alikuwa anatafuta kichwani kwa bidii, niliona anavyotafuta, na niliona kwamba hakuna kitu.

"Vovó, naomba unisamehe. Usoni sikumtazama. Mimi niliona michoro tu. Niliangalia shingo."

Jikoni mafuta yalikuwa yanalia kwenye karai, na hakuna aliyekwenda kuyaangalia. Bibi Benilde akasogea karibu zaidi, mpaka magoti yake yakagusa viatu vya Henrique.

"Basi niambie hiyo shingo," akasema.

Na Henrique akafungua ukosi wake, akaweka kidole kwenye shingo yake mwenyewe, akaanza kumwonyesha.